Kimo cha Gari Si Uwezo Wake

Imeenea imani, katika gereji za Musoma na Bunda na miongoni mwa wenye magari wanaojiandaa kuingia Serengeti, kwamba HiAce au Noah ikishainuliwa kwa spesa na springi ndefu, kisha ikavalishwa matairi yenye meno makubwa, huwa imelingana na gari lililoundwa kiwandani kwa ajili ya njia mbovu. Imani hiyo ni potofu, na inawagharimu watu fedha nyingi, kwa sababu inachanganya mambo mawili yasiyofanana, yaani kimo cha bodi kutoka ardhini na uwezo wa gari kufikisha nguvu kwenye gurudumu linaloshika ardhi.

Anayeingia hifadhini kupitia lango la Ndabaka, kando ya barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, na kuelekea Kirawira na mto Grumeti, hukutana na udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba unapolowa na kupasuka unapokauka. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo huo huziba meno ya tairi, gurudumu huanza kuteleza na kuchimba, na gari huzama hadi difu inapokalia tope. Difu ni kasha la gia linalogawa nguvu ya injini kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, na kwa HiAce kasha hilo limo ndani ya ekseli nzima ya nyuma. Kwa hiyo spesa na springi, ambazo hukaa kati ya ekseli na bodi, huinua bodi peke yake na kuiacha difu palepale ilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi, tena kwa nusu tu ya nyongeza ya kipenyo chake, kiasi kwamba tairi iliyozidi kwa sentimita 5 huipandisha difu kwa sentimita 2.5. Mwenye gari aliyelipia kimo cha ziada, basi, amenunua nafasi mahali ambapo tope halikuwa linamzuia.

Hasara haiishii hapo. Springi zilizoongezwa majani ili kubeba kimo kipya huwa ngumu, na ekseli iliyobanwa na springi ngumu haiwezi kufuata mabonde ya njia, hivyo gurudumu moja hubaki linaning'inia. Difu ya kawaida, isiyo na loki ya kuyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, huliacha lile lililo hewani lizunguke bure huku lenzake lililo ardhini likikosa msukumo. Ndiyo maana gari lililonyanyuliwa sana huweza kukwama pale ambapo HiAce isiyoguswa, yenye springi zake laini na dereva mwenye subira, imekwisha kupita.

Kiwanda kinachokusudia gari lipite njia mbovu huanzia kwenye mfumo wa nguvu. Volkswagen ilipotoa Syncro mwaka 1985, gari la mfano wa basi dogo lililounganishwa na kampuni ya Steyr-Daimler-Puch mjini Graz, Austria, ililipa mfumo wa magurudumu manne, gia ya kutambaa iliyo nzito kuliko gia ya kwanza, na loki za difu kwa aliyezitaka. Mitsubishi nayo iliipa Delica Space Gear, kuanzia mwaka 1994, mfumo wa Pajero pamoja na gia nzito. Hata hivyo, jina la kiwanda lisigeuzwe hirizi, kwani yapo magari mapya yanayouzwa kwa sifa za porini ilhali nyongeza yake ni plastiki za pembeni na maandishi ya mlangoni.

Watetezi wa kuinua magari hutoa mfano wa Land Cruiser za Arusha, ambazo hukatwa, hurefushwa na kufunguliwa paa na mafundi wa nchini, kisha zikafanya kazi Serengeti miaka mingi. Mfano huo ni wa kweli, lakini unathibitisha kinyume cha wanachodai. Mafundi hao, wenye ustadi unaostahili heshima kubwa, hubadilisha bodi na chesisi na kuimarisha springi kulingana na uzito mpya, huku ekseli nzima za mbele na nyuma na gia nzito zikibaki zile alizozipanga mhandisi wa Toyota. Noah haina msingi huo wa kujengea. Nyingi za zile zilizotoka kuanzia mwaka 2001 huvutwa na magurudumu ya mbele, na kuziinua hulazimisha sivijointi, yaani viungo vinavyopeleka nguvu kwenye gurudumu huku likikata kona, kufanya kazi kwa pembe kali, mpaka mpira wake upasuke na mchanga uingie.

Lililo zito zaidi ni usalama. Gari lenye upana wa mita 1.5 kati ya magurudumu na kitovu cha uzito kwenye kimo cha mita 0.80 hufikia ukingo wa kupinduka likiwa limelala kwa nyuzi 43. Likiinuliwa sentimita 7.5, ukingo huo hushuka chini ya nyuzi 41, kabla ya kupakia mzigo wowote juu ya paa. Tairi iliyokuzwa kwa asilimia 10 nayo humdanganya dereva, kwani mshale unaoonyesha kilomita 80 kwa saa huwa na maana ya 88, wakati breki zinabaki za ukubwa uleule.

Anayekwenda kupiga kambi kwa gari lake mwenyewe amejichagulia hatari hiyo. Abiria wa Bunda hadi Kisorya, anayewahi kivuko cha Ukerewe, au wa Musoma hadi Butiama, hakuichagua na wala hakuambiwa. LATRA, inayotoa leseni za magari ya abiria, na askari wa usalama barabarani wanaoyakagua wanapaswa kupima kimo, mfumo wa stelingi na ukubwa wa matairi ya kila Noah na HiAce iliyonyanyuliwa, na kuiondoa katika kazi ya kubeba watu ile ambayo fundi wake hawezi kueleza kwa maandishi alichokibadilisha.