Mbona mashirika hung'ang'ania programu kuukuu?

IJUMAA, Mei 12, 2017, wahudumu katika hospitali kadhaa za umma nchini Uingereza walikuta skrini za kompyuta zao zimefunikwa na ilani nyekundu. Walitakiwa walipe dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin, la sivyo faili zao zingepotea milele.

Programu hiyo hasidi, iliyopewa jina WannaCry, iliathiri zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zisizopungua 100. Uingereza ndiko ilikougusa uhai wa watu moja kwa moja. Kati ya mashirika 236 yanayosimamia hospitali katika eneo la England, 81 yalivurugwa kwa namna moja au nyingine. Miadi 6,912 ya wagonjwa ilithibitishwa kufutwa, na makadirio yalipita 19,000. Katika sehemu tano, wagonjwa wa dharura walilazimika kusafiri mbali zaidi kutafuta matibabu.

Jambo la kushangaza ni kwamba dawa ya maradhi hayo ilikuwapo. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba ufa huo mnamo Machi 14, 2017, takriban miezi miwili kabla ya shambulio. Idara husika ya huduma za afya ilizitahadharisha hospitali mwezi huo na uliofuata. Hata mapema zaidi, mwaka wa 2014, serikali iliziandikia barua ikizitaka ziwe na mipango thabiti ya kuachana na programu zilizopitwa na wakati, hasa Windows XP, kufikia Aprili 2015.

Basi kwa nini onyo halikusikizwa?

Ni rahisi kuwalaumu wakuu kwa uzembe, na uzembe ulikuwapo. Lakini wanaoishia hapo hawajawahi kusimamia hospitali. Mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili hununuliwa kwa fedha nyingi ikitarajiwa kufanya kazi kwa miaka kumi au zaidi. Ndani yake mna kompyuta inayoendeshwa na programu iliyokuwa mpya siku mashine iliponunuliwa. Programu hiyo huzeeka haraka kuliko chuma kinachoibeba. Mara nyingi hospitali haiwezi kuigusa bila idhini ya mtengenezaji, naye huenda hana haja ya kuiboresha, akipendelea kuuza mashine mpya. Mkuu wa hospitali hubaki na swali gumu: je, atupe mashine nzima inayowahudumia wagonjwa kila siku kwa sababu ya hatari ambayo bado hajaiona?

Isitoshe, kuna suala la fedha na jinsi zinavyohesabiwa. Paa likivuja, kila mtu huona maji. Programu iliyozeeka haivuji. Hufanya kazi leo kama ilivyofanya jana, hadi siku inapovamiwa. Katika kikao cha bajeti, anayeomba fedha za kuibadilisha hushindana na anayeomba vitanda na wauguzi. Si vigumu kubashiri atakayeshinda. Serikali ya Uingereza yenyewe iliilipa Microsoft pauni 5.5 milioni mwaka wa 2014 ili iendelee kuihudumia Windows XP kwa mwaka mmoja zaidi, kisha mkataba huo ukaachwa ukamalizika. Baadaye wizara ya afya ilikadiria kuwa WannaCry iliigharimu huduma ya afya pauni 92 milioni.

Ipo pia hofu ya mabadiliko yenyewe, na hofu hiyo si ya kipuuzi. Wahenga walionya dhidi ya kuacha mbachao kwa msala upitao, na benki ya TSB ya Uingereza ilionja uchungu wa onyo hilo. Mnamo Aprili 2018, benki hiyo ilihamisha akaunti za wateja zaidi ya milioni tano kutoka mtambo wa Lloyds, mmiliki wake wa awali, hadi mtambo mpya. Wateja wapatao 1.9 milioni walijikuta hawawezi kuzifikia akaunti zao. Afisa mkuu mtendaji alijiuzulu mwaka huo huo, na mwaka wa 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha wakaitoza benki hiyo faini ya pauni 48.65 milioni. Msimamizi wa mitambo akisoma habari kama hiyo, huamua kutogusa kinachofanya kazi.

Hata hivyo, sababu iliyo nzito kuliko zote huenda ikawa ya uwajibikaji. Kabla ya shambulio la 2017, wakaguzi walikuwa wametembelea mashirika 88 kati ya yale 236 ya hospitali kutathmini usalama wa mitandao. Hakuna hata moja lililopita mtihani. Wakaguzi hao hawakuwa na mamlaka ya kulilazimisha shirika lolote kurekebisha kasoro. Ripoti ziliandikwa, zikapokelewa, kazi ikaendelea.

Suala hili limerejea kwa sura nyingine. Mnamo Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Shirika linalotaka viraka vya ziada hutozwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei hiyo huongezeka maradufu kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Kuhamia Windows 11 si rahisi kwa kila mtu, kwani kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubaliki. Hapa Kenya, ambako afisi, shule na saiba nyingi hutegemea kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, sharti hilo lina uzito wa pekee.

Kwa wasioweza kuhama, njia haijafungwa kabisa. Wakaguzi wa Uingereza waligundua kwamba kompyuta nyingi zilizoambukizwa hospitalini hazikuwa za Windows XP, bali za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado ikihudumiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuweka kiraka kilichotolewa bila malipo. Walisema pia kuwa hospitali ambazo zingesimamia vyema kuta za kinga baina ya mitandao yao na intaneti zingejikinga, hata pale ambapo mashine kuukuu hazingeweza kuondolewa.