Goti la kuruta wa polisi: maumivu si uvivu

Kijana anayeingia katika kituo cha mafunzo ya polisi, iwe Kasapa mjini Lubumbashi ao Kapalata huko Kisangani, anajua mapema kwamba atakimbia. Jambo ambalo mara nyingi haambiwi ni kwamba goti ndilo litakalolalamika kati ya viungo vya kwanza. Na linapolalamika, jibu analolipata kuruta karibu popote duniani ni lile lile: vumilia, acha uvivu, wenzako wanakimbia.

Jibu hilo linafaa kubadilishwa. Sababu si kwamba vijana wabembelezwe. Sababu ni kwamba Kongo inahitaji polisi atakayeweza kusimama barabarani na kupiga doria miaka ishirini, si yule anayemaliza mafunzo akiwa tayari anachechemea.

Maumivu haya yana asili yake. Juzi kijana alikuwa anaendesha pikipiki, anauza vocha za simu, ao anakaa kwenye benchi la chuo. Leo anaamshwa kabla ya jua, anavaa buti nzito, anakimbia kilometa kadhaa kwenye lami ao kwenye mawe, kisha anarushwa kama chura na kutembezwa akiwa amechuchumaa. Moyo na mapafu vinazoea kazi hiyo katika majuma machache. Mishipa inayoshika misuli kwenye mfupa, gegedu na mifupa yenyewe vinahitaji miezi. Kuruta anajisikia ana pumzi ya kutosha, kumbe goti bado halijafika alipofika yeye.

Ndiyo maana maumivu yanayoonekana sana ni yale ya mbele ya goti, kuzunguka kile kifupa cha juu. Yanazidi wakati wa kushuka ngazi, kuchuchumaa, ao kuinuka baada ya kukaa muda mrefu. Mara nyingi hakuna kilichovunjika wala kuchanika. Goti limebebeshwa mzigo haraka kupita nguvu za misuli ya paja na ya nyonga inayolishikilia.

Wale wanaosema hakuna dawa isipokuwa uvumilivu watazame kilichofanyika katika jeshi la Uingereza. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011, makuruta 1502 waligawanywa makundi mawili kwa majuma 14 ya mafunzo. Kundi moja lilipasha mwili kwa kawaida. Lingine liliongezewa mazoezi mepesi ya kuimarisha paja na nyonga, pamoja na kunyoosha misuli. Katika kundi la kwanza, makuruta 36 walipata maumivu ya mbele ya goti. Katika lile la pili, walikuwa 10 tu.

Mazoezi yenyewe hayakuomba mashine wala pesa. Kuruta anasimama kando ya ukuta na kuusukuma kwa mguu wa upande. Anapiga hatua ndefu mbele huku akikunja goti. Anashuka kidato polepole kwa mguu mmoja. Anakunja goti la mguu mmoja kidogo tu, bila kufika chini. Kisha ananyoosha misuli ya paja mbele na nyuma, na ile ya shavu la mguu. Ukuta upo katika kila kambi, na kidato pia.

Tatizo kubwa zaidi ni hofu. Kuruta anaogopa kwamba akitaja goti atarudishwa nyumbani, na nyumbani familia nzima imeshahesabu mshahara wake. Basi anaficha. Anatuma mtu amnunulie diclofenac ao ibuprofen, anameza asubuhi kabla ya mbio, na goti linanyamaza. Lakini kunyamaza si kupona. Dawa inaondoa onyo, mguu unaendelea kuumia. Tena dawa hizi, zikimezwa kila siku na mtu anayetoka jasho jingi na kunywa maji kidogo, zinaweza kuchoma tumbo na kuharibu figo. Wengine wanaongeza dexamethasone bila kuandikiwa na daktari, na hapo hatari inazidi.

Kuruta mwenyewe ana sehemu yake. Anayetaka kujiandikisha asingoje siku ya kuingia kambini. Majuma manane kabla, aanze kutembea kwa haraka, kisha kukimbia kidogo, akiongeza polepole kila juma. Akiwa kambini na goti likaanza kuuma, atangaze siku za kwanza, wakati ambapo kupunguza kuruka na kuchuchumaa kwa siku chache kunaweza kutosha. Akikimbia, apige hatua fupi fupi, maana hatua ndefu inalipa goti kishindo kikubwa. Jioni, kitambaa chenye maji baridi ao barafu kwa dakika 15 hadi 20 kinatuliza. Kulala kitandani juma zima hakusaidii sana, kwa sababu misuli inalegea na goti linarudi lilikotoka.

Kuna dalili ambazo hazingoji. Goti lililolia kwa nguvu likajikunja, kisha likavimba ndani ya masaa machache. Goti linalokwama, haliwezi kunyooka. Goti linalomwangusha mtu akitembea. Goti lililo moto na jekundu pamoja na homa. Maumivu ya sehemu moja kwenye mfupa wa muundi, yanayouma hata mtu akiwa amelala, yanaweza kuwa ufa wa mfupa. Huyo apelekwe kwa daktari, si kwa mkandaji wala kwenye mstari wa mbio. Tena, katika inchi yetu ambapo ugonjwa wa seli mundu, ule watu wanaouita SS, ni wa kawaida, maumivu ya mifupa na viungo kwa kijana yanaweza kutoka huko. Kumkimbiza bila maji kunaweza kumletea shida kubwa zaidi.

Wakufunzi wana hoja yao, na si ya kudharau. Mwizi hangoji polisi apone goti. Barabarani hakuna atakayemwuliza askari kama amepasha mwili. Na kuna wanaotumia ugonjwa kama njia ya kukwepa kazi. Yote hayo ni kweli. Lakini muuguzi aliyefundishwa anaweza kumpima kuruta kwa dakika chache na kutofautisha anayeumwa na anayejificha. Mkufunzi anayeongeza kilometa kidogo kidogo hatoi askari laini, anatoa askari wengi zaidi waliofika mwisho. Na kumchuchumaza kwa saa nzima kijana aliyechelewa ni adhabu. Hakumjengi mwili, na hakuna sababu ya kukuita mazoezi.

Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 inayopanga polisi ya taifa inasema polisi ni kazi ya umma na ya kiraia, iliyo karibu na watu na inayowasikiliza. Ni vigumu kumfundisha mtu kusikiliza raia mahali ambapo yeye mwenyewe alikatazwa kusema kwamba anaumwa.

Kinachoombwa kwa serkali si kikubwa. Kila kuruta apimwe viungo na damu kabla ya kuanza. Mbio za majuma ya kwanza zifanywe kwa viatu vya michezo, buti zije baadaye. Robo saa ya mazoezi ya paja na nyonga iingizwe katika ratiba ya kila asubuhi. Na iandikwe wazi katika kanuni za kituo kwamba kuruta anayetangaza maumivu mapema hafukuzwi kwa sababu hiyo, anatibiwa na kurudishwa kwenye mstari. Serkali inawalisha, inawavisha na kuwalaza vijana hawa kwa miezi. Kumpoteza mmoja kwa goti ambalo lingeokolewa na ukuta na kidato ni hasara isiyo na sababu.