Kompyuta Yenye Diski Mbili

Katika nyumba nyingi siku hizi kompyuta ni moja na watumiaji ni wengi: baba huandikia hesabu za duka, watoto hufanyia masomo. Ikilegea, husemwa imezeeka, na fedha za karo hutolewa kununulia nyingine. Kabla ya kufika huko, twapenda kueleza jambo moja lisilo na gharama.

RAM ya kompyuta ni mfano wa meza ya kazi, na diski ni mfano wa kabati. Meza ikijaa, kompyuta huondoa kisichotumiwa kwa wakati huo, hukiweka katika faili maalumu diskini, kisha hukirudisha kikihitajiwa. Huu ndio utaratibu uitwao kumbukumbu pepe. Wala si jambo jipya: kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1962, ilifanya hivyo kwa mapipa ya sumaku yazungukayo.

Leo ziko kompyuta zenye diski mbili: SSD, na diski kubwa ya kuzunguka. Hii ya pili, ijapokuwa huzunguka hata mara 7,200 kwa dakika, hukawia yapata milisekunde 10 kukipata kila kipande. SSD hukipata kwa chini ya milisekunde moja.

Wako waliohamishia faili hilo katika diski ya kuzunguka wakichelea SSD isichakae. Hofu hii imepita kiasi. Wahandisi wa Microsoft walieleza mwaka 2009 kwamba katika uchunguzi wao faili hilo lilisomwa yapata mara 40 kwa kila mara moja lililoandikwa. Na kichakazacho SSD ni kuandikwa, si kusomwa. Tena, SSD ya Samsung 860 EVO ya gigabaiti 250, iliyotoka mwaka 2018, ilitajwa na waundaji wake kwa kiwango cha kuandikwa terabaiti 150. Anayeandika gigabaiti 20 kila siku hakitimizi kiasi hicho kabla ya miaka 20.

Wengine hulifuta faili hilo kabisa. Hili ni baya zaidi, kwani RAM ikijaa na pasiwe pa kuhamishia, programu hufungika ghafla, na insha ambayo kijana hajaihifadhi hupotea.

Basi katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike sysdm.cpl. Fungua ukurasa wa tatu, ubonyeze kitufe cha mipangilio kilicho juu. Kisha fungua ukurasa wa pili, na hapo chini utaona mahali pa kumbukumbu pepe. Ikiwa Windows imo katika SSD, tia alama katika kisanduku cha juu kabisa, kompyuta ijipangie yenyewe. Ikiwa imo katika diski ya kuzunguka, ondoa alama hiyo, chagua SSD, na ukubwa uachie kompyuta. Kisha uizime na kuiwasha upya.

SSD ikikaribia kujaa, zihamishwe picha na video, si faili hili. Hizo hazidhuriki kwa kungoja katika diski ya kuzunguka. Kazi ya mwanafunzi hudhurika. Na ikiwa baada ya haya meza yajaa kila siku, hapo ndipo yafaa kuulizia bei ya RAM, kabla ya kuulizia bei ya kompyuta mpya.