Baridi ya Gakindu Ni Kusi Letu

Saa nne asubuhi, mwezi wa Julai, katika soko la Gakindu kule Mukurweini, Kaunti ya Nyeri, jua lilikuwa bado halijaonekana. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka karibu na vilele vya miti, la kijivu, halina mwanzo wala mwisho. Mama aliyeniuzia ndizi alikuwa amevaa sweta mbili na koti, jiko la makaa liko miguuni pake. Nikamuuliza kama amesikia utabiri wa hali ya hewa.

"Nimesikia kwa redio," akasema. "Wamesema baridi na mawingu. Hata ng'ombe wangu anajua hiyo."

Nilicheka, lakini maneno yake nimerudi nayo Mombasa. Kila inapokaribia Juni, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa taarifa ya miezi mitatu inayofuata, na karibu kila mwaka nyanda za juu za kati, yaani Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu, Meru, Kiambu na Nairobi, huambiwa jambo lilelile: baridi, mawingu, manyunyu. Si uongo. Wakikuyu wana jina la msimu huo, gathano, tangu kabla ya idara yoyote kuwepo. Swali ni kama mkulima anapewa kitu asichokijua tayari.

Sisi wa Pwani tusidhani ni habari ya watu wa bara. Baridi ile ni kusi letu. Upepo unaotuchafulia bahari kuanzia Aprili, unaowafanya wavuvi wa Kipini na Shimoni wafunge vyombo, ndio huohuo unaoendelea bara ukiwa umebeba ubaridi na unyevu wa Bahari ya Hindi. Ukifika kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare hulazimika kupanda, na hewa ikipanda hupoa, unyevu ukawa wingu. Juu yake hukaa tabaka la hewa yenye joto kidogo linaloifunika kama kifuniko cha sufuria, basi wingu halipati njia ya kupanda zaidi likawa mvua kubwa, wala halitawanyiki. Hulala pale siku nzima. Anayepanda mlima hutokea juu yake akalikuta jua linawaka, na chini yake Nyeri yote imefunikwa kama kwa pamba. Huko chini joto la mchana wa Julai huzunguka nyuzi 20, wakati Mombasa tunalalamika "baridi" kwenye nyuzi 27.

Wataalamu huliita wingu hilo stratusi. Majina haya yalianza na mfamasia wa London, Luke Howard, aliyeyapanga mawingu kwa makundi mwaka 1802, na leo Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatambua jamii 10. Mkulima hahitaji zote 10. Wala mvuvi hazihitaji. Wazee wetu walitofautisha mavundevunde yaliyotawanyika na ghubari zito bila kumsikia Howard. Lakini matatu yana thamani ya pesa. Stratusi la kijivu lisilo na umbo huleta manyunyu, si mvua ya kujaza tangi. Wingu refu linalosimama kama mnara na kutandaa kileleni, kumulonimbusi, ndilo la radi na mvua ya mawe inayochana majani ya chai na kupukutisha kahawa. La tatu ni kutokuwepo kwa wingu lolote.

Hapo ndipo neno "baridi" linapompotosha mtu. Wingu ni blanketi. Huzuia jua mchana, lakini usiku huzuia joto la ardhi lisipotee. Kwa hiyo siku ya mawingu huwa na mchana mkali wa baridi na usiku wa wastani. Jalidi, ule umande unaoganda juu ya majani na kuyaunguza, huja usiku mweupe wenye nyota na upepo uliotulia. Mkulima wa viazi wa Kinangop anayefurahi jioni kwa kuona mbingu zimefunguka ndiye anayepaswa kuogopa. Hatari hizi mbili huweza kuwa kinyume kabisa, na redio inazitangaza kwa neno moja.

Gakindu hofu ni ya aina ya kwanza. Mukurweini ni nchi ya kahawa na ng'ombe wa maziwa. Ubaridi na unyevu wa muda mrefu hustawisha ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda mabichi ya kahawa, ule wakulima wanaouita CBD. Dawa yake ni ghali, na ikinyunyizwa asubuhi kisha manyunyu yakaja kabla haijakauka, pesa imeoshwa ikaenda mtoni. Anachotaka mkulima ni kujua kama kesho wingu litainuka saa sita au halitainuka kabisa. Taarifa ya kaunti nzima haimwambii, kwa sababu kaunti hiyohiyo ina Kieni, ambako mlima umezuia unyevu na kilio ni ukame.

Nalinganisha na huku kwetu. Kusi likizidi, idara huwapa wavuvi onyo lenye sura: upepo unapita noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa, kuanzia siku fulani hadi siku fulani. Mtu anaweza kuamua. Kwa nini mvuvi apewe kipimo na mkulima apewe "baridi"? Ofisi za hali ya hewa zipo katika kaunti, redio za Kikuyu zipo, wataalamu wa kilimo wapo. Kilichokosekana ni kuwakalisha meza moja kila wiki ya gathano, na taarifa isibaki mara nyingi kwenye karatasi ya Kiingereza.

Imani nayo imeliwa. Oktoba 2023 Rais William Ruto alisema wataalamu wameona El Nino iliyohofiwa haitakuja. Novemba mafuriko yakavamia Tana River, Garissa, Mandera na hata mitaa ya Mombasa, na zaidi ya watu 100 wakafa nchini. Huku Pwani wapo pia wanaosema utabiri ni kuingilia ghaibu. Nadhani neno lenyewe ndilo baya. Mtabiri kwetu ni mpiga ramli. Mtu anayepima upepo na kutazama wingu hadai ghaibu, anakisia tu kwa dalili alizozikuta, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Kabla sijaondoka nilimwomba yule mama asilale na lile jiko chumbani. Idara huonya kila mwaka kwamba moshi wa makaa usioonekana huua watu waliofunga madirisha kwa baridi, na hilo ni onyo moja lisilohitaji kuboreshwa. Akasema analiacha nje, lakini jirani yake hasikii. Kisha akaniuliza baridi hii inatoka wapi hasa. Nikamwambia inatoka kwetu, baharini.

"Basi," akasema akinifungia ndizi, "ukifika huko wafungie mlango."