Programu Huria Si Programu ya Bure: Neno kwa Wanaonakili Mpakani

Kiswahili kina maneno mawili mahali ambapo Kiingereza kimejibana kwa moja. Sisi tunatenga kitu cha bure na kitu kilicho huru. Richard Stallman, aliyeutangaza mradi wa GNU mwaka 1983, amekuwa akieleza miaka nenda miaka rudi kwamba neno la Kiingereza analolitumia kuziita programu zake halina maana ya kutolipa. Lina maana ya uhuru wa mtumiaji. Lau angezaliwa Mombasa, angejiepushia usumbufu huo. Waliotafsiri programu za kompyuta kwa Kiswahili waliliona jambo hili mapema, wakachagua istilahi ya “programu huria”. Ajabu ni kwamba sisi wenye lugha tumeiachia istilahi hiyo ikae kwenye vitabu, na midomoni tukabaki na “bure”. Makala haya yanadai kwamba kosa hili la msamiati limezaa kosa la matendo, na nitalitolea ushahidi katika miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya.

Miji hii miwili ni ya kupitisha. Malaba hupitisha malori yaendayo Kampala na mbele zaidi. Busia hupitisha kila kitu kingine. Hata neno “boda boda”, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima, husimuliwa kuwa lilianzia kwenye baiskeli zilizovusha abiria na mizigo baina ya vituo vya forodha vya mpaka huu. Kwa hiyo si ajabu kwamba maduka ya kutilia nyimbo na filamu yalishamiri hapa. Dereva anayesubiri foleni huleta flashi yake. Kijana wa duka humtilia filamu alizofasiri VJ Jingo kwa Kiluganda, na zile za DJ Afro kwa Kiswahili cha mitaani. Na ikiwa mteja ana kompyuta, humtilia pia programu ya VLC ili filamu zifunguke. Simu zimeyapunguzia maduka haya wateja, lakini hazijayamaliza. Ukimwuliza kijana huyo VLC ni ya nani, atakujibu kuwa ni ya bure. Ukimwuliza filamu nazo, huenda akacheka tu.

Miongoni mwa programu zilizolisha maduka kama haya katika muongo wa kwanza wa karne hii ni zile za kugawana faili, ambazo kompyuta moja huomba faili kutoka kompyuta nyingine bila kupitia ghala la kati. Awali kila programu ilijua mtandao wake tu: aliyekuwa eDonkey hakumwona wa Gnutella, na wa Gnutella hakumwona wa BitTorrent. Kisha zikaja programu za mitandao mingi, kama vile MLDonkey na Shareaza, zilizoweza kuzungumza na mitandao kadhaa kwa pamoja. Mtu wa Malaba ataelewa upesi: ni kama dalali ajuaye Kiateso, Kiluganda na Kiswahili, ambaye bidhaa ikikosekana kwa wale huiulizia kwa hawa. Faida yake ilikuwa dhahiri kwa aliyetafuta faili adimu. Hasara yake nayo ilikuwa dhahiri, kwani programu hizi hutoa kama zipokeavyo, na mtu anayelipia intaneti kwa kipimo hujikuta akiwalipia wageni wa mbali wanaochota kwake. Sina ugomvi na anayeziepuka kwa sababu hiyo.

Ugomvi wangu ni na hoja mbili ninazozisikia mara kwa mara, hata kwenye kumbi za wanafunzi wa Kiswahili. Ya kwanza husema: programu ni ya bure, basi na kilichopitia humo ni cha bure. Ya pili hugeuza kibao: filamu zilizopitia humo ni za wizi, basi na programu yenyewe ni haramu. Zote mbili zinachanganya mtumbwi na shehena. Filamu ina mwenyewe na masharti yake. Programu nayo ina wenyewe na masharti yake, tena masharti yaliyoandikwa waziwazi, ambayo wengi wetu hatujawahi kuyasoma ilhali tumeyabofya “nakubali” mara mia.

Hapa inafaa tukumbushane jambo linalotuhusu sisi wa fasihi moja kwa moja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, inapofafanua kazi ya fasihi, hutaja riwaya, hadithi na ushairi, kisha katika orodha iyo hiyo huziingiza programu za kompyuta. Aidha, husema kwamba ubora wa kifasihi haujalishi. (Wahakiki wataniwia radhi, si mimi niliyeitunga.) Kwa maana hiyo, mbele ya sheria, aliyeandika VLC anakaa benchi moja na mtunzi wa riwaya, na haki ya kunakili kazi yake ni yake mpaka atakapoitoa. Leseni ndiyo njia ya kuitoa.

Leseni ya Umma ya GNU, ijulikanayo kama GPL, inatoa kwa ukarimu mkubwa. Inakuruhusu kuitumia programu kwa lolote, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Toleo lake la pili, la mwaka 1991, linakuruhusu hata kutoza ada kwa kazi ya kunakili. Kwa hiyo kijana wa duka anayedai shilingi kadhaa kwa kukutilia VLC hajaivunja leseni kwa kudai fedha. Huivunja mahali pengine. Leseni inasema kwamba ukimkabidhi mtu programu iliyokwisha kupikwa, yaani ile inayoendeshwa na mashine, umpe pia msimbo wa chanzo, yaani maandishi ambayo binadamu huyasoma na kuyahariri. Au umpe ahadi ya maandishi, itakayodumu angalau miaka 3, kwamba atakayeutaka msimbo ataupata kwa gharama isiyozidi ile ya kunakili. Tena umpe nakala ya leseni yenyewe. Wajibu huu haumkuti anayetumia programu nyumbani kwake. Unamkuta anayekabidhi. Ndiyo maana nasema neno hili ni la wanaonakili, na chama cha wanafunzi kinachogawa flashi za programu kwa wanachama wapya kimo ndani yake sawasawa na duka la Busia.

Je, kwa wanaogawana kwa mitandao hiyo ya kompyuta kwa kompyuta, ambako kila mpokeaji ni mgawaji papo hapo? Swali hili liliwasumbua wanasheria, na toleo la tatu la GPL, lililotolewa Juni 2007, lililijibu. Linasema kwamba anayepitisha vipande vya programu kwa sababu tu anaipokea kwa njia hiyo halazimiki kuikubali leseni. Anayekusudia kuigawa kwa njia hiyo naye anatimiza wajibu akiwajulisha wenzake mahali ambapo programu na msimbo wake vinatolewa kwa umma bila malipo. Mstari mmoja unatosha. Sijui mzigo mwepesi kuliko huu katika sheria yoyote ya hakimiliki.

Atakayesema kuwa haya ni maandishi matupu yasiyo na meno, nitampeleka Munich. Mwaka 2004 mahakama ya mji huo nchini Ujerumani iliamua kesi ya Harald Welte, mmoja wa watunzi wa sehemu ya Linux inayolinda mitandao, dhidi ya kampuni ya Sitecom, iliyouza vifaa vyenye programu hiyo bila kutoa msimbo wala leseni. Mahakama ilishikilia kwamba masharti ya GPL ni halali, na asiyeyatimiza hana ruhusa ya kuigawa kazi hiyo. Hata hivyo, nakiri kwamba si rahisi kumwona Welte akishuka Busia kumshtaki mtu kwa sababu ya flashi moja. Hofu ya mahakama si hoja yangu kuu.

Hoja yangu kuu ni yaliyoikuta Shareaza. Programu hiyo iliandikwa na Michael Stokes, na tarehe 1 Juni 2004 toleo lake la 2.0 lilitolewa chini ya GPL, wengine wakaendelea kuitunza. Mwishoni mwa mwaka 2007 anwani ya tovuti yake iliangukia mikononi mwa kampuni iitwayo Discordia. Watu waliokwenda pale kama walivyozoea walipewa programu nyingine kabisa iliyovaa jina lile lile, isiyokuwa na msimbo wa kusomwa. Mwaka 2008 kampuni hiyo ikaomba hata kusajiliwa jina hilo kuwa alama yake ya biashara. Watunzi walihamia SourceForge na kazi yao wenyewe, kwa kuwa jina liliweza kunyang’anywa lakini msimbo haukuweza. Nani aliyeweza kuitambua Shareaza ya kweli? Ni yule tu aliyejua msimbo unakaa wapi. Aliyeipokea kwa mkono wa tatu, bila leseni wala maelezo, hakuwa na kipimo chochote cha kutenga asili na bandia. LimeWire ilipofungwa kwa amri ya mahakama ya Marekani Oktoba 2010, msimbo wake ulikuwa umekwisha kuwa mikononi mwa wengi, na FrostWire ilikuwa imekwisha kuchipuka humo. Kumbe maelezo ya chanzo, tunayoyafuta ili kuokoa nafasi au kwa uvivu tu, ndiyo cheti cha kuzaliwa cha programu.

Baadhi ya wenzangu hunijibu kuwa habari za leseni ni mambo ya Wazungu, na kwamba fasihi yetu ilienea kwa kunakiliwa bila ruhusa ya mtu. Jibu hili lina ukweli nusu. Tenzi za Lamu na Pate zilinakiliwa kwa mkono kizazi hadi kizazi, na Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili hati nyingi zilizofika mpaka maktaba za Ulaya. Lakini tazameni beti za mwisho za tenzi hizo. Mara nyingi mtunzi hujitaja jina na ukoo, hutaja mwaka, na wapo wanaomwomba msomaji akiona kosa alirekebishe. Desturi hiyo ilimruhusu mtu anakili, asahihishe na kueneza, huku jina la mtunzi likisafiri na kazi. Mnakili aliyeukata ubeti wa tamati ili kubana karatasi ndiye aliyetuachia sisi wanafunzi wa leo kazi ya kukisia utenzi ni wa nani. Sioni tofauti kati yake na anayelifuta faili la leseni.

Wapo pia wanaouliza: nani Busia atakayeuhitaji msimbo? Pengine mmoja kati ya elfu. Dar es Salaam nako walikuwa wachache. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kompyuta ikaanza kuandikia watu kwa menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti, maana leseni ilikuwa imekwisha kuwaruhusu na msimbo ulikuwa wazi. Wapenzi wa Kiswahili tulinufaika na wajibu ambao mtu mwingine aliutimiza.

Napendekeza basi kwamba flashi za programu za vyama vyetu ziwe na folda moja iitwayo “Chanzo”, ndani yake leseni kwa lugha yake ya asili, maelezo ya nusu ukurasa kwa Kiswahili, na msimbo wenyewe wa kila programu tunayoigawa. Maduka ya Busia na Malaba yakiiga, itakuwa heri. Msiniambie habari za nafasi. Msimbo wote wa VLC, ukifungashwa, ni mdogo kuliko filamu moja kati ya zile anazobeba dereva wa lori kutoka Malaba kwenda Kampala.