Mshipi, Petroli na Hesabu ya Nyumbani

Katika miji ya pwani, na khasa hapa Mombasa, kuvua samaki si kazi ya wavuvi peke yao. Wako makarani, waalimu, mafundi wa magari na wenye maduka ambao siku ya mapumziko huchukua mshipi wakaelekea baharini, wala nia yao si kuuza. Wakipata changu wawili watatu wa kitoweo hurudi nyumbani radhi, na wasipopata hurudi vile vile radhi, kwani walichokifuata ni upepo, na mazungumzo, na kukaa na watoto wao pahali pasipo makelele. Hili ni jambo jema, nasi hatuna la kulisema juu yake ila kheri.

Lakini miaka hii ya karibuni pumbao hili limekuwa ghali, na ughali wake umeanza kuingia ndani ya nyumba. Twasikia khabari za mama ambaye hesabu ya mwezi haimtoshi, naye akichungulia aona kuwa petroli ya boti imekula kilichowekewa karo ya shule. Twasikia pia za vijana walioacha kabisa kwenda baharini, kwa kuwa wenzao wamewaambia kwamba asiye na rodi ya maelfu na rili inayong'ara si mvuvi. Mmoja apita kiasi na mwingine akata tamaa, na wote wawili hawajaketi kuuliza fedha yaendea wapi. Basi na tuulize.

Kilichopanda kwanza ni petroli. Vita vya Ukraine vilipozuka Februari 2022, mafuta yalipanda bei duniani kote. Kisha Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani juu ya mafuta katika Kenya ilitolewa kwenye asilimia 8 ikapelekwa 16, na Septemba ya mwaka ule ule lita moja ya petroli ikapita shilingi 200. Baadaye ilishuka, ila haikurudi ilikotoka. Kilichofuata ni vyombo vyenyewe vya kuvulia. Uzi wa nailoni, ndoana, rili, vyote hivi aghalabu huja kwa meli kutoka ng'ambo na hununuliwa kwa dola; na Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160 na ushei. Shilingi ilipata nguvu tena mwaka huo huo hata ikawa karibu 130 kwa dola, lakini bei ya dukani ina tabia yake: kupanda hupanda mbio, na kushuka hushuka kwa kubembelezwa.

Tuanze na boti, kwani huko ndiko fedha imwagikako. Injini ndogo ya nguvu za farasi 15, ya aina ya zamani ichanganywayo petroli na oili, ikiendeshwa kwa nguvu zake zote hunywa kiasi ya lita 6 kwa saa. Saa moja ya kwenda na moja ya kurudi ni lita 12. Tukikadiria shilingi 180 kwa lita, hizo ni shilingi 2,160, na hapo hakijanunuliwa chambo wala barafu, wala mwenye boti hajapewa haki yake. Mtu akitoka peke yake mara nne katika mwezi amekwisha tumia shilingi 8,640 kwa petroli tu. Wakitoka wanne pamoja, safari moja ni shilingi 540 kwa kila mmoja, na wakitoka mara mbili badala ya nne, fungu la kila mtu kwa mwezi mzima ni 1,080. Na wakiridhika kupunguza mwendo watachelewa kufika, lakini petroli itakayosalia itawashangaza, kwa maana chombo kizito kinaposukumwa mbio sehemu kubwa ya nguvu huishia katika kupasua mawimbi. Mwenye haraka ya kwenda kupumzika twamwonea ajabu.

Wako wanaosema: tutauza samaki tulipe mafuta. Hesabu hii huonekana tamu usiku, asubuhi ikawa chungu. Samaki hawakuahidi kitu, na siku wasipokula deni la petroli libaki pale pale. Basi mtu hulazimika kukaa zaidi, kwenda mbali zaidi, na mwisho kushika vyombo visivyofaa. Juya la kukokota na bunduki ya mkuki vimepigwa marufuku katika Kenya tangu 2001. Na hapa kwetu iko Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyowekwa 1986, ambayo ndani ya mipaka yake havuliwi samaki yeyote. Aliyetoka nyumbani kutafuta raha akarudi na kesi, huyo raha yake imekuwa ghali kuliko boti.

Liko jambo moja ambalo halifai kubaniwa hata senti, nalo ni salama ya watu. Kushirikiana petroli hakuna maana ya kupakia watu saba katika boti ya wanne, wala kuacha jaketi za kuelea kwa kuwa zimechakaa na mpya ni ghali. Ikiwa fedha haitoshi kununua jaketi kwa kila mtu, basi fedha ya kwenda mkondoni haijapatikana bado, na pwani iko.

Ama vyombo, twaona wengi wanunua upya kilichoharibika kwa uvivu tu. Rili hufa kwa chumvi. Ikitoka baharini yafaa imwagiwe maji matamu polepole, si kwa mpira wa nguvu usukumao chumvi ndani ya meno yake, kisha ikaushwe kivulini na kutiwa tone la mafuta mepesi. Uzi wa nailoni nao hudhoofishwa na jua. Auachaye juu ya dirisha mwezi mzima asiulaumu ukikatika. Uzi ukichakaa hauchakai wote: aghalabu ni zile mita chache za mwisho zilizosugua mawe. Hizo zikatwe, na baada ya muda uzi mzima ugeuzwe, ncha iliyokuwa ndani iwe nje. Mwenye rili kubwa hana haja ya kuijaza uzi mpya mpaka mwisho. Atie uzi wa zamani chini na mita 100 mpya juu, kwani samaki wa ufukweni hafiki kuuona ule wa chini. Fundo lilowanishwe kwa mate kabla ya kukazwa, kwa sababu kavu likikazwa hupata moto na uzi hupoteza nguvu papo hapo. Ndoana iliyopoteza ncha yanolewa kwa tupa.

Chubwi ndilo lipotealo zaidi, kwa kuwa hunasa katika mawe. Wazee walikuwa na hila nzuri: chubwi hufungwa kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe, hata likinasa likatike hilo peke yake, ndoana na samaki wasalimike. Na chubwi lenyewe halina haja ya kununuliwa. Plagi kuukuu za magari, ambazo fundi yeyote huzitupa, hutosha kabisa.

Hapa twataka kuwasimamisha vijana wetu kidogo. Twajua wako wanaookota risasi za betri mbovu za gari wakaziyeyusha katika sufuria uani ili kujitengenezea machubwi ya bure. Hili si la bure hata kidogo. Moshi na vumbi la risasi ni sumu. Huingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono, hukaa katika mifupa, na kwa mtoto mdogo hudhuru akili kwa namna isiyorudi. Mtaa wa Owino Uhuru, papa hapa Mombasa, wajulikana dunia nzima kwa msiba huu: kilikuwako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, wakazi wakaingiwa na risasi katika damu zao, watu wazima na watoto, na Julai 2020 mahakama ya Mombasa ikaamua kwamba walistahili kulipwa fidia. Sufuria moja ya uani si kiwanda, lakini mtoto atambaaye katika ua huo hajui tofauti. Wala chubwi la risasi lisibanwe kwa meno, kama tuonavyo wengi wakifanya. Plagi haina madhara haya, nayo haina bei.

Sasa tuje pwani, ambako petroli haihitajiwi. Sharti ya uvuvi wa pwani ni kuyajua maji, na katika elimu hii nyumba zetu zina bahati, kwa kuwa mwenye kufuata tarehe za mwezi mwandamo anayo kalenda ya bahari ukutani kwake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baadaye, ndipo bamvua, na hapa Mombasa maji huweza kupanda zaidi ya mita 3. Siku hizo hupwa kiasi ya saa 4 asubuhi na hujaa kiasi ya saa 10 jioni, kisha kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kufikia tarehe 7 hadi 9, na tena 22 hadi 24, ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Mtumishi wa ofisi aitazame khabari hii vizuri. Jumamosi iliyoangukia bamvua humpa asubuhi ya kutafuta chambo mwambani pamoja na watoto, na alasiri maji yakipanda, samaki hufuata kaa na wadudu waliofunikwa na maji mapya, naye amesimama ufukweni akiwangoja. Kusi ikivuma kwa nguvu, upande wa bahari kuu haufai. Aende katika hori za Tudor au Mtwapa zilizokingwa na upepo. Ila mwambani asikae hata maji yakamzunguka, kwani bamvua hurudi upesi kuliko mtoto awezavyo kutembea juu ya mawe. Maji yakigeuka tu, watoto watangulie pwani.

Mtoto wa miaka kumi haitaji rodi. Apewe chupa ngumu ya plastiki iliyozungushiwa uzi wa mita 30, ndoana ndogo mbili na plagi moja. Vyote hivyo havifiki bei ya lita tatu za petroli. Aushike mshipi kwa kidole cha shahada ili ajifunze kutofautisha mdono wa chaa na mvuto wa mkondo, jambo ambalo mwenye rodi huchelewa kulijua. Afunzwe pia kumrudisha samaki aliye mdogo kuliko kiganja chake, angali hai. Na akimpata tafi asimshike kwa mkono mtupu, kwa kuwa miiba yake ina sumu na uchungu wake ni mkali. Akichomwa, sehemu ile itiwe katika maji ya moto ambayo mtu mzima ameyajaribu kwanza kwa mkono wake mwenyewe, ikae humo mpaka maumivu yapungue, kwani sumu hiyo huvunjwa na joto; basi chupa ya chai iliyojaa maji ya moto isikose kikapuni.