88 ZA WANAUME NI HISTORIA, 111 ZA WANAWAKE NI BAHATI? ACHENI UNAFIKI!

Haya wadau, leo ni zamu ya wale mabingwa wa kuponda kikapu cha kina dada. Mnajijua. Kila ikitajwa rekodi ya UConn kwenye kikapu cha vyuo Marekani, lazima mmoja aibuke na lile neno lake, "ah, wale walikuwa wanacheza na vibonde."

Twende na namba, maana namba hazina jinsia.

UCLA ya kocha John Wooden ilishinda mechi 88 mfululizo, kuanzia Januari 1971 mpaka Januari 1974. Ilikuja kuzimwa na Notre Dame, waliokuwa nyuma kwa pointi 11 dakika za mwisho, wakafunga 12 bila kujibiwa na kushinda 71-70. Kwa wanaume haijavunjwa mpaka leo. Heshima yao, hakuna anayebisha.

Sasa geukia UConn ya kocha Geno Auriemma. Mechi 90 mfululizo kati ya 2008 na 2010. Watu hawajapoa, wakaja na 111 kati ya 2014 na 2017. Yaani timu ileile imeipita 88 mara mbili! Lakini wanaume wakishinda hivyo wanaitwa magwiji, wanawake wakishinda hivyo ligi ndiyo inaitwa mbovu. Huo ni uchambuzi au ni wivu?

Mnasema wapinzani walikuwa dhaifu kwa sababu UConn walishinda kwa pointi nyingi. Sawa. Msimu wa 1971-72 UCLA walikuwa wanashinda kwa wastani wa pointi 30 kila mechi. Mbona hapo hamsemi vibonde? Hapo mnasema "kikosi cha dhahabu."

Na njia ya ubingwa je? Enzi zile mashindano ya wanaume yalikuwa na timu 25 tu, na ligi moja ilitoa mwakilishi mmoja. UCLA walibeba kombe kwa kushinda mechi nne. UConn wamebeba ndani ya timu 64, mechi sita, ukiteleza moja tu unarudi nyumbani.

Hoja moja ina ukweli, tusibane. Wachezaji wa kike hukaa chuo mpaka karibu na kuhitimu, wakati vijana wa kiume siku hizi wanacheza mwaka mmoja wanakimbilia NBA. Hiyo inasaidia kujenga kikosi. Ila Bill Walton wa UCLA naye alikaa chuo mpaka 1974 alipomaliza. Kama ni faida, wote walikula sahani moja.

Cha kuuma zaidi ni hiki. Mashindano ya NCAA ya wanaume yalianza 1939. Ya wanawake yalianza 1982. Miaka 43 mwenzako anakimbia, wewe hujafunguliwa hata geti! Na hata 2021, pale San Antonio, wanawake waliwekewa seti moja ya vyuma vya mazoezi wakati wanaume wana gym nzima. Dunia ikaona video, ndipo wahusika wakashtuka. Dharau za maneno ndizo zinazozaa dharau za bajeti. Ukizoea kusema "siyo kikapu halisi," aliyeshika pesa naye anasikia.

Na wale "vibonde" mnawajua? Mississippi State walichapwa 98-38 na UConn mwaka 2016. Pointi 60! Hawakulia lia. Wakarudi 2017, nusu fainali, muda wa nyongeza, wakashinda 66-64 kwa kikapu cha sekunde ya mwisho na kuizima ile 111. Hivyo ndivyo mkubwa anavyowakuza wengine.

Hakuna aliyesema UConn wangewafunga UCLA ya Walton. Bondia wa uzito mwepesi hapimwi kwa kupigana na wa uzito wa juu, anapimwa kwa waliopanda naye ulingoni. Kwa kipimo hicho, 111 ni kubwa kuliko 88. Hesabu ya darasa la pili.

Anayebisha aje na namba, asije na jinsia. Povu ruksa hapo chini.